Kusoma Bila Taa

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba kazi yangu siijui alikuwa askari wa geti ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Jina lake Lokwang. Alikuja shuleni kwetu Wabera asubuhi moja ya Juni, mwaka wa 1980, amevaa koti la kazi na rungu mkononi, akasimama mlangoni mwa darasa la tatu. Nikamwambia aingie, akakataa. Nikamwambia basi aende ofisini kwa hedimasta, akakataa pia.

"Mimi sitaki hedimasta," akasema. "Nataka wewe, mwalimu. Hii mtoto yangu, Natabo, jana alikuwa anasoma nyumbani. Kitabu iko kwa mkono. Anasoma mzuri sana, kama redio. Lakini taa ilikuwa imekwisha mafuta."

Nikamuuliza alisoma vipi basi.

"Nyumba yote giza. Mimi sioni hata mkono yangu. Na yeye anafungua karatasi, anasoma, anafungua ingine, anasoma. Mwalimu, mimi sijui kusoma. Lakini hata mimi najua kitabu haionekani kwa giza."

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu. Nilizaliwa nazo kule Igembe, na miaka minne ya jua la Isiolo ilikuwa imezikausha zikawa zinashika moto upesi zaidi. Nikamwambia mzee huyu kwamba Natabo ni miongoni mwa wasomaji wangu wazuri, na kama haamini asimame hapo hapo ajionee. Nikamwita Natabo mbele.

Natabo alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wote. Shuleni alijileta mwenyewe. Siku moja, akiwa na miaka tisa, alijifunga shuka ya mamake, akaja akakaa dawati la mbele la darasa la kwanza, na mwalimu wa wakati ule alishindwa kumtoa. Babake aligundua baada ya siku nne. Tangu hapo hakukosa hata siku moja, na viatu hakuwa navyo.

"Ukurasa wa kumi na mbili," nikamwambia.

Akafungua kitabu chetu cha kusoma, kile kimoja tulichokuwa nacho, akasoma ukurasa wa kumi na mbili bila kukwama. Sauti nzuri, vituo mahali pake. Nilikuwa nimekwisha kumgeukia Lokwang kwa ushindi nilipokumbuka jambo, nikasogea nikachungulia kitabu. Ukurasa wa kumi na mbili haukuwepo. Muhula uliopita mbuzi wa kina Akaale, majirani wa shule, alikuwa amekula kitabu hicho kuanzia ukurasa wa kumi na moja hadi wa kumi na nne. Natabo alikuwa amekodolea macho picha ya garimoshi, akitusomea habari za watoto walioenda sokoni.

Nikamwambia aniwekee kidole kwenye neno "reli". Kidole kikatembea karatasi nzima kama kuku anayetafuta punje, kikatua popote. Nikamwita Godana, ambaye ni Mborana na kinywa chake hakifungi. Kidole chake nacho kikapotea. Nikamwita Asho, binti wa Kisomali wa duka la pale kona, ambaye nilikuwa nikimsifu mbele ya wageni. Asho akaanza kulia. Kwa watoto arobaini na watatu, sita tu waliweza kunionyesha neno nililowaambia. Wengine walikuwa wamekimeza kitabu kizima kwa masikio.

Lokwang hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mjomba yake iko Gotu," akasema polepole. "Ana mbuzi mingi na hana mtoto msichana. Mimi nilikataa, nikasema Natabo anasoma. Sasa mwalimu, shule ikifunga Novemba nitaleta karatasi. Karatasi yangu, si ya hapa. Akisoma, anakaa shule. Kama ni kuimba tu, ataimbia mbuzi."

Akaondoka. Natabo alibaki amesimama mbele ya darasa na kile kitabu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama Novemba ni mbali. Nikamwambia si mbali, lakini inatosha. Wakati huo sikujua kama nilikuwa nasema kweli.

Hedimasta wetu, Bwana Ntongai, alikuwa mtu wa ratiba. Alikuwa na kalamu nyekundu na nyeusi mfukoni na alizitumia zote mbili kwenye ratiba. Nikamweleza kwamba watoto hawasomi, wanakariri, na kwamba hawataacha kukariri maadamu kitabu ni kimoja. Nataka vitabu vya kila aina, nikamwambia, vya hadithi, vya mashairi, vya michezo ya kuigiza, vya mambo ya kweli, vingi kiasi kwamba mtoto hawezi kuvimeza.

"Mwalimu Kinanu," akasema, "mtihani unakijua kitabu kimoja tu."

"Hata kipofu anaweza kupita mtihani huo."

Mwishowe hedimasta akasema nifanye ninavyotaka, mradi nisiguse ratiba, na mradi kitabu hata kimoja kisitoke nje ya ua wa shule. Mbuzi wa kina Akaale walikuwa wamemfunza.

Kakangu Kaimenyi alikuwa akileta miraa Isiolo kila siku kwa pikapu. Nikamtuma kwa rafiki yangu wa chuo aliyefundisha Meru, kwenye shule yenye kabati la vitabu lililojaa vumbi. Mwanzoni mwa Julai sanduku likashuka, limefunikwa kwa majani ya migomba na linanukia miraa. Vitabu sitini na kimoja, vikuukuu, vingine bila jalada. Nilivipanga juu ya meza kama mama anayepanga nyanya sokoni, kila aina fungu lake, nikasimama nikavitazama kwa furaha ya kitoto. Nilidhani kazi imekwisha.

Kesho yake, saa nne na nusu, nikachagua hadithi niliyoipenda kuliko zote. Ilihusu fisi aliyeazima kengele ya beberu. Beberu mjinga akamvulia, fisi akaivaa shingoni, akaanza kutembea na kundi, naye mama mwenye mbuzi alikuwa kipofu na aliwahesabu kwa kusikiliza kengele zao langoni. Hadithi gani ingewafaa zaidi watoto wa Isiolo? Nikaanza kusoma kwa mikogo yote niliyofundishwa chuoni.

Darasa likanyamaza, lakini si ule unyamavu wa kusikiliza. Godana alitazama dirishani. Natabo aliziba masikio.

"Mwalimu," Asho akasema, "sasa hivi? Jua iko juu."

"Jua limekufanya nini? Mikono chini! Natabo, mikono chini nimesema!"

Nikapiga meza kwa rula, nikaendelea kusoma kwa sauti kubwa zaidi. Fisi akafika langoni, kengele shingoni, ting, ting. Mama kipofu akanyoosha mkono kwenye komeo. Hapo Natabo akainuka akatoka nje. Nyuma yake wakatoka wengine kumi na wawili, bila kukimbia. Waliobaki waliinamia madawati. Nilibaki nimeshika kitabu wazi, na sijawahi kujisikia mpumbavu kama siku ile.

Siku iliyofuata watoto kumi na tisa hawakuja. Asho aliniambia sababu. Jioni ile ile mbuzi watatu wa Lokwang hawakurudi nyumbani, na Natabo pamoja na watoto wa majirani walikuwa porini upande wa Ngare Mara wakiwatafuta. Kila mtu mtaani alijua wamepotea kwa nini.

Mchana nikaenda mwenyewe kwa Lokwang. Alilinda geti la karantini, pale mifugo kutoka kaskazini ilipozuiliwa kwanza isilete magonjwa kusini. Nilimkuta amesimama kando ya boriti yake iliyoziba barabara. Kabla sijafungua kinywa, lori la ng'ombe likafika, dereva akatoa karatasi dirishani akaipeperusha. Lokwang akaitazama, akainua boriti, lori likapita.

"Ilisema nini ile karatasi?" nikamuuliza.

"Labda ni ya ng'ombe," akasema. "Labda ni ya sukari. Mimi naona muhuri tu. Kila mtu iko na karatasi ya muhuri." Akatema mate kando. "Umekuja juu ya mbuzi."

"Nimekuja kuuliza nilikosea wapi."

Alinieleza kwa uvumilivu kama anayemweleza mtoto. Hadithi ni ya jioni, mbuzi wakiwa ndani na lango limefungwa. Ukisema hadithi mchana, mbuzi wako nje peke yao na watu wote masikio yao yako kwa hadithi, basi mbuzi wanapotea. Kila mtoto anajua. Wawili walikuwa wamerudi wenyewe asubuhi. Wa tatu aliliwa na fisi.

"Fisi," nikasema.

"Fisi," akasema. Tukatazamana.

Niseme wazi kwamba mpaka leo siamini kitabu changu kilimwita yule fisi. Lakini pale getini nilimkumbuka nyanya yangu Igembe, aliyekataa katakata kutuhadithia mchana, na sisi wajukuu tulingoja giza kwa hamu. Nililijua sharti hili kabla sijajua kuandika jina langu. Chuo cha ualimu kilikuwa kimelifuta kichwani mwangu, nami nikaja na rula kuwalazimisha watoto wa watu wavunje mwiko wa kwao. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nisamehe, mzee."

"Mimi sijakataa kitabu," akasema. "Nimekataa hadithi ya mchana. Maneno mingine iko. Habari unaweza kusema saa yoyote. Mtu akitoka Korbesa asubuhi, si anakupa habari? Nyasi iko wapi, maji iko wapi, nani amezaa. Na wimbo unaimba ukitembea, ukinywesha. Hadithi tu ndiyo inangoja mbuzi."

Nilirudi shuleni nikitembea haraka. Miaka miwili ya chuo walinifundisha aina za vitabu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kila aina ina saa yake.

Basi nikayapanga mafungu yangu upya. Asubuhi ilikuwa ya vitabu vya mambo ya kweli, na sikuviita vitabu, niliviita habari. Mashairi tuliyasoma tukiwa kwenye foleni ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, kila mtoto na pakiti yake, tukitembea, na aliyeshika karatasi yuko mbele. Watoto walirudi mmoja mmoja. Natabo alikuwa wa mwisho, magoti yamechubuka kwa miiba.

Sasa ilibaki kumfundisha kusoma, na hapo ndipo nilipotoa jasho. Kumbukumbu yake ilikuwa adui yangu. Ukimsomea ukurasa mara moja tu, ameushika, na kesho anakuimbia. Nikaacha kumsomea. Kila asubuhi nilimpa kitabu asichowahi kukisikia, nikafunika picha kwa kiganja, nikamwambia haya. Alitoa jasho, aliuma midomo, alilia, mimi nikafoka, kisha nikajuta, kisha tukaanza upya. Mapumziko tulikaa ndani. Wiki nne zikapita hivyo na hakuna hata mstari mmoja aliounganisha. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikihesabu wiki zilizobaki kabla ya Gotu.

Kilichomfungua kilikuwa ugomvi.

Kulikuwa na kitabu cha habari za wanyama wa kufugwa, kimeandikwa na mtu ambaye nadhani hakuwahi kulala karibu na mnyama. Siku moja Godana, ambaye alikuwa anaanza kusoma, alisoma kwa sauti kwamba ngamia huweka maji kwenye nundu. Kisha akasimama.

"Uongo! Mwalimu, hiyo ni mafuta. Baba amechinja ngamia, mimi niliona kwa macho yangu. Ni mafuta!"

Darasa likawaka moto. Watoto waliokuwa hawasemi wakasema. Nikaandika ubaoni: KITABU KINASEMA. Chini yake nikaandika: GODANA ANASEMA. Kisha nikawaambia yeyote atakayepata kosa lingine ndani ya kitabu hicho, aniletee, lakini sharti aniwekee kidole juu ya neno lenyewe.

Sikuwa nimewahi kuona watoto wakipigania kitabu. Natabo alikaa nacho siku tatu. Kwenye ukurasa wa mbuzi kulikuwa na picha ya mbuzi mweupe mnene, na alitaka kujua wanasema nini juu ya mbuzi, kwa sababu kama kuna mtu darasani aliyewajua mbuzi ni yeye. Nilimwona akisogeza kidole, midomo ikichezacheza. Nilijizuia nisiende kumsaidia, na kwa mtu wa tabia yangu hiyo ni kazi kubwa. Siku ya tatu akainuka ghafla, dawati likapinduka.

"Mbuzi hu-za-a mto-to mmo-ja kwa mwa-ka," akasoma. Kisha akasema kwa hasira, "Mmoja! Mwalimu, yule wetu wa madoa alizaa wawili, na mwaka jana wawili! Nani ameandika hii?"

"Weka kidole juu ya 'mmoja'."

Akakiweka juu ya "mmoja".

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu nikalia kidogo, kisha nikarudi nikamwambia aandike ubaoni anachosema yeye.

Kuanzia hapo alisoma kila kitu kwa shuku, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Lakini alitaka hadithi. Lile fungu la hadithi lilikaa kwenye kona, halijaguswa, na niliwaona watoto wakilitazama. Jioni shule imefungwa, mchana mwiko. Natabo ndiye aliyekuja na wazo. Watoto wa kwao huchezea mawe, kila jiwe mbuzi, wana rangi na majina na huzaa na kuuzwa. Alinijia na mawe hayo kwenye upindo wa gauni.

"Mwalimu, kama mbuzi ya darasa iko ndani, si tunaweza kusoma?"

Mara hii nilikuwa nimejifunza kuuliza wenyewe. Nilimfuata Lokwang getini nikamweleza. Aliegemea boriti yake akafikiri mpaka nikadhani amesinzia.

"Hadithi ya kitabu ni ya watoto," akasema. "Mbuzi ya mawe pia ni ya watoto. Sawa. Lakini wafunge lango."

Basi ikawa hivyo. Saa tisa na robo, kipindi cha mwisho, watoto walijenga boma la vijiti vya miiba kwenye kona ya darasa. Kila mtoto alikuja na mbuzi wake wa jiwe, akamwingiza, Asho akaweka kijiti cha lango, Godana akafunga madirisha. Ndani kukawa na kiza cha jioni na mstari mmoja wa mwanga uliopita kwenye ufa wa mlango. Aliyekuwa anasoma alikaa kwenye huo mstari. Bwana Ntongai alifungua mlango siku moja akakuta watoto arobaini na watatu kimya kuzunguka rundo la mawe, akauliza hiki ni kipindi gani. Nikamwambia Kiswahili, kama ratiba inavyosema. Akatazama mawe. Akafunga mlango polepole.

Tulisoma hadithi zote za lile fungu isipokuwa moja. Ya fisi wa kengele hakuna aliyekubali kuigusa. Nilipoitoa, Natabo aliirudisha chini kabisa ya sanduku.

Siku ya kufunga shule, Novemba, Lokwang alikuja akiwa amevaa shati jeupe ndani ya koti la kazi. Safari hii aliingia darasani. Natabo alikuwa amesimama kando ya meza yangu, mikono nyuma. Bwana Ntongai alikuja akasimama mlangoni, maana habari ilikuwa imeenea. Lokwang akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza.

"Hii imetoka ofisi leo asubuhi," akasema. "Wameniambia nipige msumari kwa geti. Hakuna mtu ameimba bado."

Nilitupa jicho nikaona herufi ndogo za taipureta na maneno ya kiofisi. Sikuwa nimemwandaa kwa maneno kama hayo. Hakuna kitabu kwenye sanduku langu kilichosema hivyo.

Natabo akainama.

"Ta-nga-zo. Tangazo kwa wenye mi-fu-go. Kuanzia tarehe kumi na tano, ng'ombe, mbuzi na ngamia wote wanaotoka kaskazini wata... watakaa..."

Akanyamaza. Kidole kilisimama chini ya neno. Nikaona midomo yake inajaribu, inaacha. Muda ukapita mrefu. Nililijua neno lile, nililisoma juu chini kutoka nilipokaa, na lilikuwa linanichoma ulimi. Nikafungua kinywa, Lokwang akainua kiganja bila hata kunitazama. Nikafunga kinywa. Nilimwona Natabo akienda Gotu nyuma ya mbuzi wa mjomba, na mimi nimekaa hapa na vitabu vyangu sitini na kimoja.

"Ka," akasema. "Ka-ra. Ka-ra-nti..." Akamwinulia babake uso ghafla. "Karantini! Apa, ni karantini! Ni ile yako!"

Neno alilolisikia kila siku ya maisha yake, babake akiondoka na kurudi, lilikuwa limeandikwa pale, na alikuwa hajawahi kuliona sura.

Nilimwona Lokwang uso, na nikajua kwamba ushindi haukuwa kwenye mistari ile ya mwanzo. Usiku ule wa giza Natabo hakukwama hata mara moja. Leo alikuwa amekwama, akashindwa, akarudi nyuma, akalipata. Mtu huyu asiyejua herufi hata moja alikuwa akingoja kuona hilo tu.

"Maliza," akasema.

"Watakaa karantini siku ishirini na moja. Hakuna mnyama atakayepita getini bila ki-ba-li. Askari wa geti ana ruhusa ya kumrudisha mtu yeyote asiye na kibali, bila kujali cheo chake."

"Rudia hiyo ya askari."

Akarudia. Lokwang akamwambia arudie tena. Natabo akaisoma mara ya tatu, kidole chini ya kila neno, naye babake akafuata kidole kwa macho.

"Kibali inaandikwaje juu ya karatasi?" akamuuliza. "Nionyeshe. Nataka kuiona vile inakaa." Natabo akamwonyesha. Lokwang alilitazama neno lile muda mrefu, kisha akaikunja karatasi mara nne akairudisha mfukoni.

"Januari atarudi," akaniambia. "Mjomba atafute mtu."

Natabo alikaa chini, pale pale sakafuni. Nikamwambia mzee yule asante.

Lokwang alikuwa amefika mlangoni aliposimama akageuka.

"Mwalimu. Yule fisi."

"Fisi gani?"

"Fisi ya kengele. Huyu mtoto alitupatia hadithi nyumbani, jioni, mbuzi iko ndani. Lakini anajua nusu tu. Fisi iko kwa lango, ile mama kipofu ameweka mkono. Toka Julai." Akashika rungu lake vizuri. "Mimi ni askari. Nikiwa geti nafikiria hiyo maneno. Alifungua au hakufungua?"

Nilikijua kisa chote. Nilimtazama, nikatazama dirisha, jua lilikuwa linawaka.

"Mzee," nikasema, "ni saa tano za asubuhi."

Akaniangalia, kisha akacheka. Miezi yote hiyo sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nikainamia sanduku, nikatoa kitabu kutoka chini kabisa, nikamwekea Natabo mkononi.

"Mwalimu Kinanu," akasema Bwana Ntongai, "tulikubaliana kitabu kisitoke nje ya ua."

"Tulikubaliana," nikasema. "Niandikie barua ya onyo."

Aligusa mfuko wa kalamu, akasita, kisha akasogea kando ya mlango, wakapita.

"Nimenunua mafuta ya taa," Lokwang akamwambia binti yake walipokuwa wakivuka uwanja, na akasema kwa sauti ya kutosha ili nami nisikie.

Kitabu kilirudi Januari, kimefungwa kwa kitambaa, karatasi zote zimo. Nilikifungua kwanza ukurasa wa mwisho. Kando yake kulikuwa na masizi ya taa, na juu ya masizi alama ya kidole kikubwa ambacho hakikuwa cha mtoto.